Kufundisha Desturi za Msiba: Mila za Wahindu na Majirani Zao Kandokando ya Ziwa Victoria

Mwanachuo aendaye kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi ya Mwanza mjini aweza kukuta katika chumba kimoja mtoto wa Kisukuma, wa Kikerewe, wa Kihaya na wa Kijaluo, na pengine mmoja au wawili ambao wazee wao walitoka Gujarat au Punjab. Watoto hawa hufanya hesabu zile zile na hucheza katika uwanja ule ule. Tofauti zao hazimsumbui mwalimu mpaka siku msiba unapoingia katika nyumba ya mmoja wao. Siku hiyo haimo katika azimio la kazi, wala haingoji kipindi chake.

Tuchukue mfano. Mvulana wa Kihindu wa Darasa la Tano, mwenye umri wa miaka 11, amefiwa na baba yake. Yeye ndiye mwana wa kiume wa kwanza. Kwa muda wa siku 13 haonekani shuleni, na mstari wa jina lake katika rejista umejaa alama za kutohudhuria. Arudipo, kichwa chake kimenyolewa. Wenzake wamesikia kwamba ni yeye aliyewasha moto uliochoma maiti ya baba yake, nao wanamtazama kwa hofu, na wengine kwa mzaha. Mwalimu asiyejua desturi hii aweza kumwita mtoro, au kumwuliza mbele ya darasa kwa nini amenyoa. Mwalimu aijuaye atafahamu kwamba aliyesimama mbele yake ni mtoto aliyetoka kutimiza wajibu mzito kuliko wote aliopata kupewa.

Katika makala haya tunakusudia kumsaidia mwanachuo awe kama mwalimu huyu wa pili. Kwanza tutaeleza desturi zenyewe kwa kadiri mwalimu azihitajivyo; kisha tutaonyesha njia ya kuzifundisha. Fikira tunayotaka aishike ni moja: desturi ya msiba humpa mfiwa kazi ya kufanya na muda wa kuifanya. Watu huachana katika kazi wanazompa mfiwa na katika hesabu ya siku, lakini wote humpa kazi na kikomo. Mwalimu ajuaye kazi ya mtoto mfiwa na kikomo chake anajua namna ya kumpokea arudipo darasani.

Majina yatumike kwa usahihi

Kosa la kwanza katika somo hili hutokea kabla somo halijaanza, nalo ni kosa la majina. Neno "Mhindi" hutaja asili ya mtu, na neno "Mhindu" hutaja dini yake. Si kila Mhindi ni Mhindu. Mabohora, Waismailia na Waithnaasheri ni Waislamu. Maiti zao huoshwa, huvikwa sanda, husaliwa na kuzikwa ardhini. Magoa ni Wakristo Wakatoliki, nao huzika kama Wakatoliki wengine. Wanaochoma maiti ni Wahindu, Wajaini na Masingasinga, ambao watu wengi huwaita Makalasinga. Kwa hiyo mwalimu asemaye "Wahindi huchoma maiti" amewafundisha watoto jambo lisilo kweli.

Neno "Baniani" nalo lahitaji uangalifu. Watoto hulijua kutokana na methali isemayo "Baniani mbaya kiatu chake dawa." Asili ya neno hilo ni jina la wafanya biashara wa Kihindu, lakini kwa sababu ya methali hiyo limeshikana na dharau. Twashauri mwalimu atumie neno "Mhindu" darasani, na mtoto akitumia neno jingine amsahihishe kwa upole bila kumwaibisha.

Walivyofika ziwani

Historia hii yatosha kuelezwa kwa ufupi. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na ilifika ufuko wa ziwa, mahali paitwapo Kisumu leo, mwezi Desemba 1901. Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India kwa kazi hiyo, nao karibu 2,500 walifia kazini kwa maradhi, ajali na kwa kuliwa na simba. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, ila maelfu machache walibaki. Reli ilipofika ziwani, meli ziliunganisha Kisumu na Mwanza, na wafanya biashara waliokuja kwa nauli zao wenyewe walifungua maduka kuzunguka ziwa zima. Baadaye walikuja wenye viwanda vya kuchambulia pamba ya Usukuma, na mafundi seremala na waashi wa Kisingasinga. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora nayo ikafika Mwanza.

Watu hawa walileta mahekalu yao na gurudwara zao, na zaidi ya hayo walileta wafu wao wa siku zijazo. Mtu ahamiapo nchi ya mbali hujiuliza atakula nini. Baada ya muda hujiuliza atazikwa wapi, na nani atamzika. Kwa Mhindu swali hilo lilikuwa na sehemu mbili: ni nani atakayewasha moto, na ni mto gani utakaopokea majivu.

Desturi za Wahindu

Uhindu ni dini yenye madhehebu mengi, na desturi zake hutofautiana kwa ukoo, kwa lugha na kwa jimbo la asili. Haya tunayoyaeleza ni yale yanayoonekana kwa wengi, na mwalimu asiyahesabu kuwa sheria isiyobadilika.

Msingi wake ni imani kwamba roho haifi. Mwili huchakaa kama nguo, nayo roho huuacha na kuingia katika mwili mwingine, kwa kadiri ya matendo ya mtu, mpaka siku itakapofunguliwa kutoka katika mzunguko huo wa kuzaliwa na kufa. Mfano huo wa nguo umo katika kitabu chao kitakatifu kiitwacho Bhagavad Gita. Mwili umefanywa kwa vitu vitano, yaani ardhi, maji, moto, hewa na anga, nao wapaswa kurudishwa kwa vitu hivyo. Moto ndio huurudisha upesi na kwa usafi. Kwa sababu hiyo Mhindu haoni kuchoma kuwa ni kuangamiza. Kwake ni sadaka ya mwisho, na ibada yenyewe kwa lugha ya Kisanskriti huitwa antyeshti, yaani sadaka ya mwisho.

Mtu akaribiapo kufa, jamaa humtilia kinywani matone ya maji ya mto Ganga, kama yapo, pamoja na jani la mrihani mtakatifu uitwao tulsi. Maiti huoshwa na kuvikwa nguo safi, aghalabu nyeupe. Mwanamke afaye kabla ya mumewe huvikwa nyekundu au rangi za arusi. Hulazwa juu ya machela, hupambwa kwa maua, na wachukuzi huenda wakitaja jina la Mungu. Kuchoma hufanywa upesi, mara nyingi siku ile ile au siku ifuatayo. Maiti hulazwa juu ya kuni, hutiwa samli, na mwana wa kiume wa kwanza huzunguka na kuwasha moto. Kama hakuna mwana wa kiume, jamaa mwingine hufanya. Na siku hizi katika familia kadhaa binti hufanya kazi hiyo. Zamani wanawake hawakuwa wakienda mahali pa kuchomea, lakini desturi hiyo nayo inabadilika. Watoto wachanga na watawa kwa kawaida hawachomwi, bali huzikwa.

Siku ya tatu hivi jamaa hurudi kukusanya mabaki ya mifupa na majivu, ili yatiwe katika maji yaendayo. Wenye uwezo huyapeleka India, hasa katika mto Ganga. Wengine huyatia katika bahari ya Hindi au katika mto wa karibu. Hapa ziwa letu lina historia inayofaa kutajwa darasani. Mahatma Gandhi aliuawa mjini Delhi tarehe 30 Januari 1948. Majivu yake yaligawanywa na kutiwa katika mito mingi, na mwaka huo huo sehemu yake ililetwa Jinja, Uganda, na kutiwa katika mto Nile pale utokapo Ziwa Victoria. Mwaka 1997 Waziri Mkuu wa India, I. K. Gujral, alizindua sanamu ya Gandhi mahali hapo. Mtoto wa Mwanza achotaye maji ziwani aweza kuelezwa kwamba maji hayo hayo ndiyo yatokayo Jinja kuelekea Misri.

Baada ya kuchoma huanza siku za matanga. Katika nyumba nyingi moto wa jikoni hauwashwi kwa muda, na majirani na jamaa ndio waletao chakula. Wafiwa huvaa nguo nyeupe zisizo na mapambo, hula chakula chepesi kisicho na nyama, na hawaendi arusini wala hekaluni. Wana wa kiume, hasa aliyewasha moto, wengi hunyolewa vichwa. Watu hukusanyika kwa maombi na nyimbo za dini. Katika siku hizo kumi na zaidi hutolewa matonge ya wali kwa ajili ya marehemu, ili apate nguvu za safari yake. Siku ya 12 au ya 13 hufanyika ibada ya kumaliza, jamaa hulishwa, maskini hupewa sadaka, na nyumba hurudi katika maisha ya kawaida. Kila mwaka marehemu hukumbukwa kwa ibada iitwayo shraddha. Na yapo majuma mawili, aghalabu mwezi wa Septemba, ambayo yametengwa kwa kuwakumbuka wazee wote waliotangulia.

Masingasinga na Wajaini

Masingasinga nao huchoma maiti, lakini mwalimu asiwachanganye na Wahindu. Maiti ya Singasinga huoshwa na kuvikwa pamoja na alama tano za dini yake, ikiwamo bangili ya chuma na kitana. Kulia kwa makelele hakupendelewi, kwa kuwa kifo ni amri ya Mungu ipasayo kupokewa kwa utulivu. Hawatoi matonge ya wali, wala hawajengi kaburi au mnara. Kazi ya wafiwa ni kusoma. Kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, chenye kurasa 1,430, husomwa chote tangu mwanzo hadi mwisho, aghalabu kwa siku kumi hivi, au kwa saa 48 mfululizo kwa kupokezana wasomaji. Kisomo kikiisha, watu wote, wa dini yoyote, hukaribishwa kula pamoja katika jiko la gurudwara, wakikaa chini sawasawa, tajiri na maskini.

Wajaini ni wachache katika kanda yetu. Wao huamini kwamba roho huingia mwili mpya mara tu itokapo katika ule wa zamani. Kwa hiyo chakula cha safari hakina maana kwao, na ibada ya shraddha haimo katika dini yao. Badala yake husali, hufunga na kutoa sadaka. Tofauti hii yafaa sana kwa kufundishia, kwa kuwa yaonyesha wazi kwamba desturi hufuata imani. Watu wawili wachomao maiti kwa namna moja huachana jambo la pili linapofuata, kwa sababu wameachana katika jibu la swali, "Roho iko wapi sasa?"

Msiba usio na maiti

Watu wa ziwani wanajua jambo ambalo watu wa bara hawalijui sana, nalo ni kufiwa bila kupata maiti. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, mjini Mwanza. Wengine hawakupatikana kamwe. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Mbali na misiba hii mikubwa, wapo wavuvi ambao mtumbwi wao huonekana na wao wasionekane.

Wafiwa wafanye nini, ikiwa hapana mwili wa kuosha? Wajaluo kwa mapokeo yao huchukua tunda la mti uitwao yago, tunda refu na nene lining'inialo kwa kikonyo kirefu, wakalizika kaburini badala ya mtu aliyepotea. Wahindu nao wana ibada kwa ajili ya aliyekufa mbali au asiyepatikana: hutengeneza umbo la mtu kwa nyasi takatifu, wakalichoma kama ambavyo wangalichoma maiti, na tangu hapo siku za matanga huanza kuhesabiwa. Watu hawa wawili hawakufundishana. Mmoja amezika tunda na mwingine amechoma nyasi, kwa kuwa kila mmoja aliona kwamba mfiwa asiyepewa kazi ya kufanya hawezi kuanza kuhesabu siku, na asiyeanza kuhesabu hawezi kumaliza.

Tunamshauri mwanachuo aiweke sehemu hii katikati ya somo lake. Hapa ndipo mtoto wa ziwani, ambaye kwao huenda wamewahi kungoja mtu asirudi, aonapo kwamba Wahindu nao wanajua kungoja huko.

Matayarisho ya somo

Somo hili lafaa kwa Darasa la Tano na kuendelea, katika vipindi vihusuvyo jamii, historia na maadili. Watoto wengi hufikia kufahamu kwamba kifo hakina marejeo wawapo na umri wa miaka mitano hadi saba. Lakini kulinganisha desturi za watu mbalimbali kwahitaji akili iliyokomaa zaidi. Lipangiwe vipindi viwili vya dakika 40.

Madhumuni: Mwisho wa somo mwanafunzi aweze kutaja namna tatu ambazo watu wa Mwanza huwahifadhi wafu wao, aweze kueleza kazi moja ya mfiwa katika kila namna, na aweze kutaja maneno yafaayo ya kumpa pole mwenzake aliyefiwa.

Zana: Chati yenye safu wima tano, na kichwa cha kila safu kiwe swali: Mwili hutendewaje? Nani hufanya kazi gani? Wafiwa hukaaje, na kwa siku ngapi? Nini humaliza msiba? Marehemu hukumbukwaje? Tunasisitiza kwamba picha za maiti au za moto zisitumiwe, na darasa lisipelekwe kutazama mahali pa kuchomea maiti. Mahali hapo ni pa wafiwa.

Hatua ya kwanza: Mwalimu aanze na desturi ambayo wengi wa darasa wanaijua. Aulize juu ya matanga ya nyumbani kwao: nani hupika, nani hulala msibani, nani hunyolewa, ni siku ya ngapi watu hutawanyika. Ajaze mstari wa kwanza wa chati kwa majibu yao. Watoto wataona kwamba hata wao kwa wao hawafanani. Wa Kiislamu atataja siku tatu za matanga, na eda ya mjane ya miezi minne na siku kumi. Mwingine atataja kunyoa nywele, ambako ni desturi ya jamii nyingi za kanda hii. Wa Kisukuma huenda akataja matambiko ya kuwakumbuka masamva, yaani wazee waliokufa.

Hatua ya pili: Ndipo mwalimu aeleze desturi ya Wahindu, kwa kufuata maswali yale yale matano na kwa utaratibu ule ule. Jambo la moto litatajwa katika safu ya kwanza tu, nalo litakuwa jibu moja kati ya matano. Mwalimu akianza na moto, watoto hawatasikia kingine.

Hatua ya tatu: Mwalimu asimulie habari ya msiba usio na maiti. Kwanza aulize kwa siri, siku chache kabla, kama yupo mtoto ambaye familia yake imepotelewa na mtu ziwani, ili asimjeruhi bila kukusudia.

Hatua ya nne: Wanafunzi, wawili wawili, watafute safu ambayo majibu yake yanafanana kuliko nyingine, na safu ambayo majibu yake yanaachana kuliko nyingine. Aghalabu wataona kwamba majirani kuleta chakula kumo katika mistari yote.

Hapa lipo onyo. Mwalimu akiisha kuona mfanano, aweza kuvutwa kusema kwamba desturi zote ni kitu kimoja. Sivyo. Tonge la wali la Mhindu na tambiko la Msukuma hujibu swali moja, lakini majibu si mamoja, na wenyewe hawangekubali kuchanganywa. Mlinganisho mwema huonyesha swali linalowakutanisha watu, kisha huacha kila jibu lisimame kwa miguu yake.

Maswali magumu

Watoto watauliza wanayotaka kujua, na mwalimu asiyejitayarisha hukimbilia ukali. Tunatoa mfano wa mazungumzo.

Mwanafunzi: Mwalimu, hawamwonei huruma baba yao wakamchoma?

Mwalimu: Swali lako ni zuri. Nyumbani kwenu mkimzika mtu, mnamfukia udongo. Je, hamumwonei huruma?

Mwanafunzi: Tunamwonea, mwalimu. Lakini amekwisha kufa, hasikii.

Mwalimu: Basi na Wahindu husema vivyo hivyo. Wao huamini roho imekwisha kutoka, na kwamba kuuchoma mwili ni kuipa roho ruhusa ya kwenda. Sisi tunaonyesha huruma kwa udongo, nao kwa moto.

Mwanafunzi: Na yale majivu ziwani, samaki hawadhuriki?

Mwalimu: Majivu ya mfupa uliochomwa sana ni madini yenye chokaa, kama yale yaliyomo katika mifupa ya samaki wenyewe.

Mtoto mkubwa aweza kuuliza kama ni kweli kwamba wajane wa Kihindu walichomwa pamoja na waume zao. Mwalimu asikane wala asikuze. Aeleze kwamba desturi hiyo, iitwayo sati, ilikuwako katika sehemu fulani za India na kwa baadhi ya koo. Kwamba Wahindu wenyewe, akiwamo Ram Mohan Roy, waliipinga kwa nguvu. Na kwamba ilipigwa marufuku katika Bengal mwaka 1829. Hakuna jamii ambayo mila zake zote za kale zinafaa kurithiwa, na kila jamii ina watu waliosimama kuziondoa zisizofaa.

Pengine ataulizwa kama Mwafrika asiye Mhindu aweza kuchomwa. Jibu ni kwamba wako waliochagua hivyo. Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyefariki tarehe 25 Septemba 2011, alichomwa mjini Nairobi kwa wosia wake, na jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Watoto wa ziwani wanaoyajua magugu maji kama adui wa wavuvi watashangaa kusikia yalivyopata kazi ya heshima.

Mtoto mfiwa darasani

Turudi sasa kwa mvulana wetu wa Darasa la Tano. Somo tulilolieleza lisifundishwe juma arudilo. Lifundishwe mapema, wakati hapana msiba, ili darasa liwe limekwisha kujua. Mtoto asifanywe zana. Kumwambia mtoto mmoja wa Kihindu, "Hebu waeleze wenzako mnavyofanya," ni kumpa kazi ya mwalimu mtu asiyeiomba. Na akiwa mfiwa ni ukatili. Ikiwa mwalimu anahitaji msemaji, amwalike mzee wa jumuiya hiyo, ampelekee maswali matano siku chache kabla, na amwachie uhuru wa kutojibu.

Kuhusu rejista, mwalimu amweleze mwalimu mkuu mapema idadi ya siku za matanga, ili mtoto asihesabiwe kuwa mtoro. Mtoto akiisha kurudi, mwalimu amwite kando na kumwambia maneno machache: "Pole sana, mwanangu. Tumesikia kwamba umemtumikia baba yako." Neno "umemtumikia" lina uzito, kwa kuwa linaitambua kazi aliyoifanya. Kisha ampe kazi ya shule, kidogo kidogo. Akilia, aachwe alie. Akicheka uwanjani siku ile ile, mwalimu asishangae, kwa kuwa huzuni ya mtoto huja na kuondoka.

Kwa madarasa ya chini, mwalimu atumie neno lenyewe: amekufa, amefariki. Asiseme "amelala" wala "amesafiri". Mtoto mdogo huyashika maneno kama yalivyo. Akiambiwa kwamba babu amelala, ataogopa kulala, na akiambiwa kwamba amesafiri, atamngoja bandarini.

Maswali ya kuzungumzia

1. Katika shule unayofanyia mazoezi, watoto wangapi wamefiwa na mzazi? Je, mwalimu wa darasa anajua kila mmoja alipewa kazi gani katika msiba huo?

2. Jaza chati ya maswali matano kwa desturi ya ukoo wako. Ni safu ipi uliyoshindwa kuijaza, na ni mzee gani utakayemwuliza?

3. Mzazi amekuja kulalamika kwamba unamfundisha mwanawe dini ya watu wengine. Andika maneno utakayomjibu, kwa heshima impasayo mzazi, yasiyozidi sentensi sita.

4. Mwenzako amependekeza kumwomba mwanafunzi mmoja wa Kisingasinga avue kilemba chake ili darasa lione nywele zisizokatwa. Mweleze kwa nini jambo hilo halifai, na mpe njia nyingine ya kulifikia lengo lake.